Njia ya mwongo ni fupi: kuhusu tovuti zinazokokotoa muda wa ndege

Leo tuache kidogo habari za simu mpya na programu mpya, tuzungumze kuhusu kitu kinachoonekana kidogo sana: zile kurasa za wavuti zinazokuambia umbali kutoka uwanja mmoja wa ndege hadi mwingine, na muda ambao ndege itachukua. Unazijua. Unaandika majina ya miji miwili kwenye mtambo wa kutafuta, unaletewa ukurasa wenye ramani, mstari uliopinda kama upinde, idadi ya kilomita, na chini yake "muda wa safari". Chini zaidi ni matangazo ya hoteli.

Msimamo wangu nautoa mapema ili asiyetaka kusoma yote aende na hilo moja: nambari ya kilomita kwenye kurasa hizo kwa kawaida ni sahihi, na nambari ya saa ni ubashiri uliovishwa suti na tai. Na sisi wanaoandika programu ndio mafundi cherehani wa hiyo suti. Naona tunapaswa kuacha.

Kwanza tutoe sifa panapostahili. Kupata umbali ni kazi rahisi na ya kufurahisha, naipendekeza kwa mwanafunzi yeyote wa tarakilishi anayetafuta zoezi la jioni moja. Orodha za viwanja vya ndege, pamoja na latitudo na longitudo, zinapatikana bure. OurAirports ni mfano mmoja. Unachukua nukta mbili, unazitia kwenye kanuni ya haversine (jina hilo lilibuniwa na James Inman mwaka 1835 katika kitabu cha kufundisha mabaharia), unazidisha kwa nusu kipenyo cha dunia, yaani kilomita 6,371, basi kwisha. Mistari kumi ya msimbo, pengine pungufu.

Ukiweka JKIA na Uwanja wa Moi wa Mombasa unapata kama kilomita 423. Ukiweka JKIA na Heathrow ya London unapata kama kilomita 6,840. Dunia si tufe kamili, imebonyea kidogo kwenye ncha, kwa hivyo kosa lipo, lakini ni la nusu asilimia hivi au chini yake. Hakuna msafiri atakayelala njaa kwa sababu ya nusu asilimia.

Matata yanaanza kwenye mstari wa kumi na moja. Mwandishi wa programu anajiambia: "Kwa kuwa umbali ninao, muda si ni umbali kugawanya kwa mwendo?" Anachukua kilomita 800 kwa saa, anagawanya, anaongeza dakika 30 za kupaa na kutua, na kupeleka jibu kwenye ukurasa kwa herufi nene. Nairobi hadi Mombasa: saa moja na dakika 2. Nairobi hadi London: saa 9 na dakika 3.

Utaniuliza, ubaya uko wapi? Ratiba za mashirika ya ndege zinaonyesha takriban saa moja kwenda Mombasa, na saa 8 na nusu hadi 9 kwa London. Hesabu imepatia! Ndiyo, imepatia, na hapo ndipo ninapoona hatari. Kitu kinachokosea kila mara hukiamini. Kitu kinachopatia mara nyingi unakizoea, unaacha kukiuliza maswali, na siku kinapokosea unakuwa umeshalipa nauli. Hebu tuangalie kinakosea wapi.

1. Kinakuuzia ndege ambayo haipo. Weka Kisumu na London. Kanuni itakuambia kilomita 6,610 hivi, saa 8 na dakika 46. Kwenye ramani Kisumu iko karibu na London kuliko Nairobi ilivyo, kwa zaidi ya kilomita 200! Lakini hakuna ndege ya abiria ya moja kwa moja kutoka Kisumu hadi London. Msafiri wa Kisumu anaanza kwa kuelekea kusini mashariki, Nairobi, yaani anaipa London mgongo. Halafu anasubiri. Saa 8 na dakika 46 ni muda wa safari ambayo hakuna binadamu anayeweza kununua tiketi yake, na bado inaandikwa kwa herufi nene ileile kama ya Nairobi na Mombasa. Mwandishi wa programu angeweza kukagua kama njia hiyo ipo? Kwa shida. Orodha nyingi za bure za njia za ndege ni za zamani. Ile maarufu ya OpenFlights, kwa mfano, data yake ya njia iliacha kupata marekebisho Juni 2014. Tangu hapo mashirika yamefunga, mengine yamefunguliwa, na korona ikapita katikati. Anayejenga tovuti leo juu ya data hiyo anauza gazeti la juzi kama la leo.

2. Kinadhani kwenda na kurudi ni kitu kimoja. Kwa kanuni, A hadi B ni sawa na B hadi A. Kwa ndege si hivyo, kwa sababu hewa yenyewe inatembea. Mfano mkubwa ni London na New York, kilomita 5,540 hivi. Februari 2020, wakati wa dhoruba iliyoitwa Ciara, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, kwa kuwa upepo wa juu ulikuwa ukiisukuma kutoka nyuma. Piga hesabu: ni wastani wa zaidi ya kilomita 1,100 kwa saa. Upande wa pili, London kwenda New York, safari ya kawaida ni saa 7 hadi 8. Umbali ni uleule, bahari ni ileile, tofauti ni upepo. Hata Nairobi na London, kwa kawaida ratiba ya kwenda huwa ndefu kidogo kuliko ya kurudi. Kanuni ya kugawanya kwa 800 haijui kwamba duniani kuna upepo.

3. Haijui mipaka wala vita. Chora mstari mfupi zaidi kutoka Nairobi hadi London. Unapita kaskazini magharibi mwa Kenya, unaingia Sudan Kusini, kisha Sudan, kisha Libya, kisha bahari. Aprili 2023 vita vilipolipuka Khartoum, anga la Sudan lilifungwa kwa ndege za abiria. Ndege nyingi za kati ya Afrika Mashariki na Ulaya zikalazimika kuzunguka, nyingine upande wa Bahari ya Shamu na Saudia. Latitudo na longitudo za Nairobi hazikubadilika hata nukta moja. Za London pia. Kwa hiyo kanuni ikaendelea kutoa jibu lilelile la Machi 2023, kwa uso mkavu.

Mfano wa nyumbani zaidi: Mogadishu hadi Nairobi ni kama kilomita 1,000 kwa mstari. Mwaka 2019 serikali ya Kenya iliamuru tena kwamba ndege zinazotoka Mogadishu zitue kwanza Wajir, abiria na mizigo ikaguliwe, ndipo ziendelee Nairobi. Amri hiyo ilikuwa imewahi kuwapo miaka ya nyuma, ikaondolewa, ikarudi, ikaondolewa tena baadaye mwaka huohuo. Abiria wa wakati huo anajua maana ya kushuka Wajir na jua lile, na mizigo, na watoto. Ukurasa wa wavuti ulimwambia saa moja na dakika 45.

4. Haijui unaondokea uwanja upi. "Nairobi" kwa mtu wa kawaida ni mji. Kwa ndege, Nairobi ni JKIA (NBO) au Wilson (WIL), na ndege nyingi ndogo za kwenda Maasai Mara na mbugani zinatoka Wilson. Kwa mstari, viwanja hivyo viwili vimetengana kwa kilomita 12 na nusu hivi. Kwa kanuni, ni kufumba na kufumbua. Kwa gari, jioni ya Ijumaa mvua ikinyesha, sitaki hata kuanza. Mgeni anayetua JKIA akiwa na ndege ya pili ya Wilson baada ya saa moja na nusu ameshaikosa, ila hajaambiwa tu. Vivyo hivyo kwa anayekwenda Diani: kuna ndege zinazotua Ukunda, mlangoni mwa hoteli, na kuna zinazotua Mombasa, halafu bado una barabara mbele yako. "Umbali hadi Pwani" ni swali lisilo na jibu moja.

5. Haisemi inapima nini. Kuna muda ndege iko hewani. Kuna muda kutoka inapoondoka langoni hadi inaposimama lango la pili, na huu ndio ambao mashirika huandika kwenye ratiba. Kuna muda kutoka nyumbani kwako hadi unakokwenda. Nairobi hadi Mombasa hewani ni kama dakika 40 hadi 45. Kwenye ratiba ni kama saa moja. Nyumbani hadi nyumbani? Mimi huhesabu hivi: saa moja kufika JKIA, saa moja na nusu ya ukaguzi na kusubiri, saa moja ya ratiba, nusu saa ya mizigo, dakika 40 kutoka uwanjani hadi kisiwani. Ni saa 4 na dakika 40. Treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, inakwenda kwa saa 5 hadi 6 kutoka Syokimau hadi Miritini, nayo pia ina safari ya kuifikia na ya kuiacha. Ndege bado inashinda, lakini si kwa kishindo kile cha "dakika 32" ambazo utazikuta pale ambapo mwandishi alisahau hata kuongeza zile 30. Mtu anayepanga bajeti ya familia ya watu watano anahitaji kulinganisha saa 4 na dakika 40 na saa 7 hivi. Akilinganisha dakika 32 na saa 6, pesa yake imeamuliwa na kanuni.

Na London? Ndege inayofika Heathrow asubuhi mara nyingi huambiwa izunguke angani ikisubiri zamu. Kuna sehemu nne za kuzungukia zilizotengwa kwa kazi hiyo: Bovingdon, Lambourne, Ockham na Biggin. Umeshaiona London dirishani, na bado hujafika. Hakuna haversine ya foleni.

6. Saa yenyewe. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa linatuhusu sisi wasema Kiswahili na hakuna mtu wa ng'ambo atakayetutatulia. Tuseme ndege inaondoka Nairobi 23:30 na safari ni saa 9. Inafika 08:30 kwa saa za Nairobi. London ni 05:30 wakati wa baridi, na 06:30 kati ya Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, kwa sababu Waingereza husogeza saa zao na sisi hatusogezi. Tiketi huandikwa kwa saa za kila mji, kwa hiyo anayetoa 23:30 kutoka 05:30 atadhani safari ni saa 6. Akirudi atadhani ni saa 11 au 12. Haya, hilo linajulikana, na programu nzuri hulishughulikia.

Lisiloshughulikiwa ni hili: ukurasa "uliotafsiriwa" kwa Kiswahili unaandika "ndege inaondoka saa 2:00". Saa mbili! Bibi yangu, na pengine wako, akisoma saa mbili anafahamu saa mbili asubuhi, jua limeshatoka. Mtambo ulimaanisha 02:00, yaani saa nane usiku. Tofauti ni saa sita, na ndege haimsubiri mtu hata dakika sita. Ongeza na siku: mtambo unasema Jumapili 00:15. Sisi tunasema usiku wa kuamkia Jumapili, na mtu anayejiandaa "Jumapili usiku" anafika uwanjani ndege ikiwa imeshatua London zamani na abiria wake wanakunywa chai ya jioni. Lugha yetu ina maneno kamili ya jambo hili, tena yanaeleweka kuliko 00:15. Kuyatumia kunagharimu mistari michache ya msimbo. Kutoyatumia kunamgharimu mtu tiketi.

Sasa najua wenzangu wa fani hii watajibu nini, kwa kuwa nimeshabishana nao sana juu ya vikombe vya chai. Jibu la kwanza: "Data ya kweli ya ratiba ni ghali." Kweli. Makampuni kama OAG na Cirium yanaishi kwa kuiuza, na kijana anayejenga tovuti yake usiku baada ya kazi hana bajeti hiyo. Lakini kukosa data si leseni ya kuitunga. Kama una umbali tu, onyesha umbali tu, useme ni wa mstari mfupi zaidi juu ya uso wa dunia, uishie hapo. Daktari asiye na mashine ya kupima damu hakadirii kiwango chako cha sukari kwa kugawanya uzito wako.

Jibu la pili: "Watumiaji wanataka nambari moja, hawataki maelezo." Hapa nakubali nusu. Watu wanataka jibu fupi, mimi pia. Lakini "saa 8 na nusu hadi 9 na robo" ni jibu fupi. "Hakuna ndege ya moja kwa moja" ni jibu fupi zaidi. Kinachotakiwa ni ufupi, na ufupi haulazimishi uongo. Makanga wa matatu naye hutoa jibu fupi: "Tunaondoka sasa hivi, tumebakisha mmoja!" Tofauti ni kwamba makanga tunamjua, tunacheka, na tunahesabu viti wenyewe. Skrini hatuihesabii viti. Nambari yenye dakika mwishoni, kama saa 9 na dakika 3, inaonekana kana kwamba mtu ameipima. Zile dakika 3 hazina kazi nyingine isipokuwa kukufanya uamini.

Jibu la tatu: "Imeandikwa chini kabisa kwamba ni makadirio." Imeandikwa, kwa herufi za ukubwa wa chawa, baada ya matangazo. Ningeamini nia hiyo kama makadirio yangekuwa juu na matangazo chini.

Basi ukurasa mzuri ungekuwaje? Kwa maoni yangu uwe na mambo haya, na hakuna hata moja linalohitaji akili ya ajabu. Useme uwanja kwa jina na alama yake, si mji tu. Useme kama ndege ya moja kwa moja ipo, na kama haujui, usitoe saa. Ukitoa muda, uwe wa lango hadi lango, kutoka kwenye ratiba, kwa pande zote mbili, kwenda na kurudi. Useme data ni ya tarehe gani, hapo juu, si chini. Uonyeshe saa za miji yote miwili pamoja na siku. Na kama unajiita ukurasa wa Kiswahili, uonyeshe saa za Kiswahili kando ya zile za tiketi: 23:30, saa tano na nusu usiku.

Na wewe ndugu msomaji usiyeandika programu? Ukikutana na nambari ya muda wa ndege, iulize maswali matatu: ndege hii ipo kweli? Imepimwa kutoka wapi hadi wapi? Ni ya lini? Ikikosa kujibu hata moja, fungua tovuti ya shirika lenyewe la ndege uangalie ratiba ya tarehe yako. Na usinunue tiketi mbili tofauti za kuunganisha kwa kutegemea hesabu ya ramani, maana ukiikosa ya pili kwa sababu ya kwanza kuchelewa, mara nyingi hasara ni yako peke yako.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Sidhani walikuwa na haversine akilini, lakini mstari mfupi kuliko yote kwenye ramani ni ule ambao hakuna ndege inayoufuata hatua kwa hatua. Tukiuonyesha, tuseme ni mstari. Muda tuwaachie wenye ratiba.

Nikipata nafasi wiki zijazo nitaandika jinsi ya kubadilisha saa za tiketi kuwa saa za Kiswahili kwa msimbo, pamoja na ule mtego wa usiku wa kuamkia. Kama umewahi kukwama mahali kwa sababu ya hesabu za aina hii, niandikie, nataka kujua ni nambari ipi iliyokudanganya.